Mpima Maji na Mawaridi ya Jangwani

Kabla mvua ya jioni haijafika Migosi, mtaa wetu wa Kisumu, jirani yangu alikuwa amekwisha kuingiza vyungu vyake barazani. Hakungoja tone la kwanza. Alasiri, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya milima ya Nandi, alitoka uani na fulana yake nyeupe, akatazama mashariki kwa macho yaliyofinywa, kisha akaanza kubeba. Vyungu vikubwa vilitangulia, kwa kuwa, alisema, mmea ulioishi sana ndio wenye mengi ya kuoza. Wanawake wa ploti walimtumia kama saa. Walipomwona ameinama waliambiana, "Mpima Maji ameanza," wakakimbilia kamba za nguo.

Sote tulimwita hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini hakupenda litajwe ovyo, nami sioni sababu ya kulitaja sasa. Kazi yake ya maisha ilikuwa kutafuta mahali pa kuchimba visima katika nchi kavu ya kaskazini, Garissa na Wajir na mbele ya hapo, akizunguka na vyombo vya kupimia miamba na kuwaambia watu wachimbe hapa au, mara nyingi zaidi, wasichimbe. Alipostaafu alipanga nyumba ya vyumba viwili, iliyotenganishwa na yangu kwa ukuta wa matofali unaonifika kifuani. Alikuja na kitanda, sanduku la bati, redio, na kopo la majani ya chai lililojaa mbegu za waridi la jangwani.

Waridi la jangwani si waridi hata kidogo. Hilo ni jina la wauza miche wa kando ya barabara, nami nalitumia kwa kuwa wasomaji wanalijua. Ni kichaka kifupi chenye shina lililovimba chini mfano wa chupa, matawi machache manene, na majani yanayopukutika kiangazi kikizidi. Maua yake ni mekundu ya kupauka yenye koo jeupe, na mara nyingi huchanua tawi likiwa tupu, halina jani hata moja. Huota penye mawe na jua kali. Kisumu tuna jua, lakini tuna pia mvua inayokuja jioni kama mdai, unyevu wa ziwa usiokoma hata siku kavu, na udongo mweusi unaoshika maji mpaka mzizi unakosa pumzi. Mtu mwenye kufikiri asingechagua mmea huo katika mji huu. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza tulipozungumza ukutani.

"Ni kweli, Bwana Hakimu," alijibu. "Lakini nimetafuta maji miaka yangu yote ya nguvu. Sasa nataka kukaa na kitu kisichoyaulizia."

Nilikuwa hakimu kweli, na nilikuwa nimestaafu kabla yake. Ninataja jambo hilo kwa sababu linahusika. Mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kiti kile hujifunza kutopokea neno lililosemwa na mtu aliyelisikia kwa mtu. Nililikataa neno la namna hiyo mahakamani, na nililikataa nyumbani pia, jambo ambalo marehemu mke wangu hakulipenda. Mpima Maji alikuwa na tabia hiyo hiyo, aliyoipata kwa njia nyingine. Huko kaskazini kila mzee alimwonyesha mahali ambapo babu yake alisikia maji yakipita chini ya ardhi. Alisema alijifunza kuwasikiliza wote kwa heshima, kisha kupima.

Alipanda kila kitu ndani ya vyungu. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya mvua, avihamishe. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na mahali pa kupanda ardhini. Shamba alikuwa nalo. Baba yake aliacha kipande cha nchi Asembo, juu kidogo ya ghuba ya ziwa, na nusu yake ilikuwa yake bila ubishi. Lakini alikuwa na kaka mkubwa, na kwa desturi ya Wajaluo mdogo hajengi boma kabla mkubwa hajajenga. Akitangulia, amemruka kaka yake, na kumruka kaka ni kuleta dhara juu ya kizazi. Kaka huyo alivuka ziwa akiwa kijana, kwenda upande wa Tanzania kufanya kazi ya samaki, na hakurudi. Hakuandika. Hakuna aliyejua kama yu hai. Basi mdogo akabaki akingoja, akapanga nyumba moja baada ya nyingine, na nywele zikawa nyeupe.

Sisi watu wa msikitini humzika mtu palipo na makaburi, mara nyingi siku ile ile aliyokufa, na hakuna anayeuliza kama marehemu alijenga wapi. Kwa Wajaluo sivyo. Mwanamume asiye na boma lake akifa, ndugu humsimamishia kibanda cha haraka ili apate kuzikwa kama mtu mwenye kwao, na kila mwombolezaji hukiona kibanda hicho na kuelewa. Hilo ndilo aliloliogopa. Mengine yote nitakayoyasema juu yake, ya maua na ya tabia, yaliishi chini ya swali hilo moja la mahali atakapoishia.

Utaratibu wake wa kuotesha nilikuja kuujua kwa kuutazama. Mche unaotokana na tawi lililokatwa huishi, tena huchanua upesi, lakini hauvimbi shina ipasavyo. Anayetaka lile tumbo sharti aanze na mbegu. Na mbegu hazipatikani kwa urahisi hapa, kwa kuwa wadudu wanaolijua ua hilo wamebaki huko kwao. Kwa hiyo alifanya kazi ya wadudu mwenyewe. Alichukua kipande cha uzi mwembamba wa nailoni, ule ambao wavuvi wa Asembo huutumia kwa ndoana, akauingiza ndani ya koo la ua moja, akauzungusha, akautoa na chavua, akauingiza katika jingine. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye vidole vya mtu aliyeshika vyuma, na uzi ule haukutikisika. Alifanya hivyo asubuhi, kabla ya kunywa chai, na hakupenda kusemeshwa.

Ua lilipokubali lilitoa maganda mawili yaliyochongoka kama pembe za swala mdogo. Hapo alifunga maganda hayo kwa kitambaa cha chandarua. Mbegu za mmea huu zina manyoya pande zote mbili, na ganda likipasuka upepo huzichukua zote kwa muda mfupi. "Huyu hana mpango wa kukaa na wanawe," aliniambia akilifunga moja. Alizipanda katika mchanga mnene wa mtoni uliochanganywa na matofali yaliyopondwa na makaa, si chembe ya udongo wetu mweusi. Vijana kutoka Obunga waliomletea mchanga huo kwa mkokoteni walimcheka. "Mzee, hii si udongo, hii ni ya kujenga nyumba," mmoja alimwambia. Alitabasamu kidogo, akawalipa, akaingia ndani. Siku hiyo hakutoka tena.

Ukimya wake ulikuwa wa namna hiyo. Neno lolote lililogusa nyumba lilimrudisha ndani. Hakuwa mtu wa huzuni ya kuonyesha. Kanisani alikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya matangazo. Redio yake ilizungumza mchana kutwa kwa sauti ya chini ambayo hata yeye, naamini, hakuisikia. Alitaka tu pawe na mtu anayeongea. Alipika ugali wa watu wawili na kula nusu. Nilimwuliza siku moja kwa nini hapiki kidogo. Alisema mkono wake ulizoea sufuria ya kambini, nami nilikubali jibu hilo, ingawa kambini, kama alivyonieleza mwenyewe mara nyingine, walipikiwa.

Alikuwa na kinyume ndani yake, kama watu wote wanaostahili kuandikwa. Aliicheka desturi. Alisema ingekuwa mahakamani kwangu ningeitupa nje kwa kukosa ushahidi. Lakini aliitii kuliko wale waliokuwa wakiitetea kwa sauti kubwa sokoni. Alikuwa mkarimu, tena mgumu: mtu aliyemwomba mche mara moja alipewa, aliyeomba mara ya pili aliulizwa habari za ule wa kwanza, na kama ulikufa, aliulizwa ulikufaje, kwa kirefu, mpaka akajutia kuja. Alijua habari za maji kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, na aliishi umbali mfupi kutoka ziwa kubwa, lakini sikumwona hata siku moja akienda ufukweni kulitazama. Nilidhani halipendi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyelivuka.

Kulikuwa na uvumi juu yake. Mtu anayeishi peke yake na mimea yenye utomvu mweupe hawezi kukosa uvumi. Aliyeniletea alikuwa Mama Samaki, mpangaji wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri, aliyekaanga samaki mbele ya lango na kuuza jioni.

"Mzee wa Korti," aliniita juu ya ukuta, akishusha sauti ambayo haikushuka. "Wewe unakaa karibu na huyu mtu. Hiyo maua yake inatoa maziwa. Watu wanasema ni dawa ya kuua."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Watu Tu hajawahi kusimama mbele yangu akaapa."

"Haya. Siku utakufa, usiniite nije kukuamsha."

"Nikifa sitakuita, Mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikwenda nikamwuliza Mpima Maji mwenyewe, uso kwa uso, kama inavyopaswa. Akajibu kwamba ni sumu kweli. Kaskazini hata mbuzi mwenye njaa hupita kando, na watu wa zamani walipaka utomvu huo kwenye mishale. Kwa sababu hiyo alinawa kwa sabuni kila alipokata tawi, na kwa sababu hiyo hakuweka chungu chochote mahali ambapo mtoto angefika. Uvumi ule, basi, ulikuwa na nusu ya kweli ndani yake. Nusu hiyo ndiyo inayoufanya uvumi kuwa kitu kibaya, kwa maana uongo mtupu hufa wenyewe.

Uvumi uliomhusu hasa ulikuwa wa namna nyingine. Wachuuzi wa samaki waliotoka Asembo walimletea habari za kaka yake. Mmoja alisikia kwamba ana duka Mwanza. Mwingine aliambiwa alizama zamani, mtumbwi na watu wote. Mwingine alikuwa na shemeji aliyehubiriwa naye huko visiwani, maana sasa, eti, ni mhubiri. Mpima Maji alizipokea habari hizo kimya, akampa mchuuzi chai, kisha jioni, vyungu vikiwa salama barazani na mvua ikipiga mabati, alikuja ukutani na mwavuli wake. Tulizichambua kwa pamoja. Nani ameona? Kwa macho yake? Aliona nini hasa? Alimjuaje? Mara nyingi habari haikufika swali la tatu. Alinishukuru kila mara, akarudi ndani. Nimekaa katika mashauri mengi makubwa kuliko hayo, lakini sikumbuki shahidi aliyetaka sana kushindwa na aliyeogopa sana kushindwa kwa wakati mmoja.

Mara moja habari ilipita maswali yote. Mwanamke mmoja alimwona kwa macho yake, Musoma, mwanamume wa umri unaofaa, fundi wa injini za boti, mwenye kidole cha shahada kilichokatika. Kaka alikuwa na kidole hicho kilichokatika. Shoka la utotoni. Mpima Maji alifunga sanduku lake, akamwomba Mama Samaki atupie macho nyumba, akaondoka na basi la alfajiri.

Aliporudi nilimwona kwanza kwa mgongo, amesimama uani mbele ya chungu kikubwa kuliko vyote. Nilijua jibu, lakini niliuliza.

"Nilimpata yule mtu," alisema. "Kidole kimekatika kweli. Ni Mkurya. Mtu mzuri. Alininunulia soda. Alinisikitikia kwa kutokuwa yeye."

Kisha akalibonyeza shina la ule mmea kwa kidole gumba, nacho kikazama.

Mama Samaki alikuwa ameutunza. Watu wa upande wetu wa ziwa wanajua jambo moja kwa hakika: maji yaliyooshea samaki ndiyo mbolea bora kuliko zote. Sukuma wiki iliyonyweshwa maji hayo hushinda ya jirani, na mama mwenye kuuza samaki hayamwagi ovyo. Kwa hiyo kila jioni alikuwa akiyaleta, ndoo ndogo, na kuugawia kila mmea sehemu yake, na ule mkubwa sehemu kubwa. Ungekuwa mmea wowote wa bustani za Migosi ungestawi. Huu uliliwa kutoka ndani.

"Mimi niliona iko na kiu, Baba," alisema, mikono kwenye aproni. "Hiyo kubwa ilikuwa imenyauka majani. Nikasema, huyu jamaa atarudi apate maua yake imekufa. Nikaipea ya samaki, ile nzito."

"Ulimpa chakula kizuri, Mama," alimwambia. "Tumbo lake tu ndilo dogo."

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akigomba, nami nisingemlaumu. Mmea ule ulitoka katika mbegu za kwanza, za lile kopo. Badala yake aliung'oa, akaosha mizizi, akaleta kisu na kukata sehemu iliyooza, polepole, mpaka akafika penye nyama nyeupe isiyo na doa. Theluthi ya shina ilibaki. Alipaka jeraha unga wa makaa. Halafu akaufunga kamba, akauning'iniza kichwa chini kwenye boriti ya baraza, bila udongo na bila maji.

Ulining'inia hapo majuma mengi. Wapita njia walisimama. "Mpima Maji amenyonga maua yake," waliambiana, na Mama Samaki, ambaye bado alikuwa na aibu, aliwajibu kwa ukali, "Ameipeleka hospitali. Pita huko." Nilimwuliza kama mmea hauumii kukaa hivyo. Alisema kinachoua si kukosa udongo. Kinachoua ni kurudishwa udongoni kabla ya kidonda kukauka. Siku nyingine aliniambia kwamba mche hauna haraka, mwenye haraka ni jicho. Semi zake zilikuwa za namna hiyo, fupi, na hakuzirudia kwa watu wengine. Sijui kama alizitunga au alizikuta.

Ule mmea ulikuwa ungali umening'inia wakati ndugu zake walipokuja kutoka Asembo. Walikuwa wazee watatu, wakiongozwa na binamu yake mkubwa, mtu mrefu mwenye kofia ya mkeka aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo. Mpima Maji alinialika niketi nao. Nadhani alitaka shahidi. Kwa heshima yangu walizungumza Kiswahili, ingawa Dholuo nakielewa.

"Ndugu yetu," binamu alianza, baada ya chai, "umri yako sasa si ya kupanga nyumba. Sisi tumekaa tukaongea. Kaka yako tutamjengea nyumba kidogo, ya jina tu. Mabati nane, mlango mmoja. Tukimaliza, wewe ujenge boma yako. Mambo iishe."

"Nyumba ya jina hujengewa nani?" Mpima Maji aliuliza.

"Unajua."

"Nataka useme, Jaduong'."

Mzee alivua kofia. "Hujengewa mtu amekufa."

"Nani amemwona amekufa?"

"Omera, ndugu yangu, miaka yote hii. Hata simu? Siku hizi mtoto wa darasa la kwanza ako na simu."

"Hilo si kufa. Hilo ni kunyamaza. Mimi mwenyewe huwanyamazia miezi, na mkija mnanikuta hai."

Mzee mmoja alicheka, kisha akajizuia. Binamu alinigeukia. "Wewe ni mtu wa sheria. Mwambie. Hata serikali, mtu akipotea, inafika mahali inasema, huyu tumhesabu amekufa."

Hilo ni kweli, na nilisema kwamba ni kweli, kwa kuwa niliulizwa. Sheria inaruhusu mtu aliyepotea muda mrefu adhaniwe amekufa, watu wake waendelee na maisha. Mpima Maji alinisikiliza kwa makini aliyonisikilizia daima.

"Adhaniwe," alisema. "Hiyo ni sheria ya kugawa mali, Bwana Hakimu. Mimi sitaki mali ya mtu." Akamgeukia binamu yake. "Mkinisimamishia nyumba ya kaka yangu, na yeye akatokea kesho pale njiani na mkoba wake, akaona mlango wake wa maiti, nitamwambia nini? Kwamba nilichoka?"

Binamu alitazama ule mmea uliofungwa kamba juu ya vichwa vyetu, na nikaona kwamba alikuwa akiutazama tangu alipofika na amejizuia kuuliza. "Na hii?" alisema mwishowe. "Hii umeifanyia nini?"

"Inangoja," alisema Mpima Maji.

"Wewe na hii kitu ni ndugu," mzee alisema, akavaa kofia, na wote wakacheka kidogo, na yeye pia. Waliondoka kwa amani. Lakini langoni binamu alinishika mkono akaniambia kwa Dholuo kwamba wao pia wanazeeka, na kwamba vijana watakaobaki hawatakuwa na subira ya kuja Migosi kunywa chai. Siku ikifika watajenga kibanda kwa asubuhi moja. Nilimjibu kwamba nimesikia.

Ule mmea aliurudisha mchangani mwanzoni mwa kiangazi. Ulitoa jani. Mwaka uliofuata alinifuata ukutani kuniaga. Alikuwa amepata chumba cha kupanga katika kituo cha soko karibu na shamba la baba yake, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Nilimwuliza kama ameamua kujenga. Alisema hapana, amechoka tu kuwa mbali na mahali asipoweza kujenga. Vyungu alivipakia kwenye pikapu, akavifunga kwa mablanketi yake mwenyewe. Mama Samaki alipewa mmea mmoja, pamoja na onyo, naye anao mpaka leo, juu ya kabati, mahali ambapo, anasema, hata yeye hafiki na ndoo.

Mvua za mwaka huo sikujua zinakuja mpaka ziliponilowesha. Watu wengine walihamia nyumba ile. Wana televisheni kubwa. Ni watu wema, na hawana la kusema nami.

Nilikwenda kumwona baada ya mvua kwisha. Mimi sipendi safari tena, na magoti yangu hayapendi zaidi, lakini aliacha kupokea simu, na mchuuzi mmoja alisema anaumwa, mwingine akasema amehama, wa tatu akasema mengine ambayo sitayaandika. Njia ya kujua ilikuwa moja.

Nilimkuta shambani kwa baba yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, alitembea kwa fimbo, na simu ilikuwa imeanguka majini, basi. Nchi ile si kama ya mjini. Ni kavu, yenye mwinuko wa mawe mekundu na vichaka vya miiba, na ghuba inaonekana chini, nyeupe kwa jua. Boma la wazazi limekuwa nyasi. Kulia kwake, katika sehemu ya kaka, alikuwa amekusanya mawe na kuyapanga tuta refu, na juu ya tuta, ndani ya ardhi yenyewe, bila chungu, alikuwa amepanda mawaridi yake yote. Ule uliokuwa umening'inizwa ulikuwa katikati. Mingine ilikuwa imechanua.

"Maji hayakai hapa," alisema. "Nimepima."

Sehemu yake mwenyewe, kushoto, alikuwa ameifyeka nyasi. Hapakuwa na kitu kingine juu yake.

Tuliketi juu ya mawe. Alinieleza kwamba wazee walikuja kutazama tuta lile, wakabishana kama ni nyumba. Halina ukuta wala bati, kwa hiyo si nyumba. Kwa hiyo halijamwua mtu. Lakini sehemu ile haiko tupu tena. Wakashindwa kuamua, wakaenda. Alisimulia hayo kwa furaha ndogo, akikuna mguu.

Nilimwambia nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu siku ya wale wazee. Nilisema kwamba yeye si mjinga, na kwamba hana hakika na desturi ile kuliko mimi. Nilisema dhara la kumruka kaka, hata kama lipo, hufuata kizazi, na yeye hana mtoto. Halina wa kumpata. Ajenge chumba kimoja hapo kushoto, alale kwake kabla uvimbe wa mguu haujapanda.

Alikubali kwa kichwa katika kila hatua, kama mtu anayefuata hesabu anayoijua.

"Ni kweli mimi sina watoto," alisema. "Lakini yeye huenda anao."

Alilaza fimbo juu ya magoti.

"Watakuwa watu wazima sasa. Labda wana watoto wao. Sijui wanaitwa nani. Wanaamka asubuhi huko ng'ambo, mmoja anaumwa, hajui ni nini, anakwenda hospitali. Mimi nitajuaje kwamba si mimi niliyemletea?" Alitazama ghuba. "Sina ushahidi kwamba ni kweli, Bwana Hakimu. Sina ushahidi kwamba si kweli. Na mimi kitanda ninacho."

Tulikaa mpaka kivuli cha mawe kikatufikia, na mtu wa pikipiki niliyemwambia anirudie akapiga honi barabarani. Mpima Maji aliinuka kwa fimbo akanisindikiza polepole, akinionyesha kwa mkono mahali pa kukanyaga. Kwenye ukingo wa shamba alisimama, kama mwenyeji anavyosimama.

"Asante kwa kunipokea nyumbani kwako," nilimwambia.

"Hapa ni kwa kaka yangu," alisema. Hakusema kwa uchungu. Alinisahihisha tu, kama angenisahihisha njia.

"Basi akija, msalimie."

Alinipa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Zimefika," alisema.